Sufuria Isiyo na Sumu

Jumatatu, 4 Machi

Mzee amerudi kutoka kwa daktari amenuna kama mtu aliyeibiwa. Mzee ndiye mwenye karakana yetu ya samani. Tumbo linamsumbua tangu mwaka uanze. Daktari amemwambia apunguze sumu mwilini. Aache vya makopo, vya pakiti, soda za rangi na nyama iliyokaangwa kwenye mafuta ya juzi. Ale vyakula vya kawaida tu. Maharage, viazi, mboga za majani, ndizi. Vioshwe, vichemshwe, basi. Alitueleza haya yote huku ameshika soda. Akaitazama kama anaagana na ndugu. Kisha akainywa.

Halafu akatoa la pili. Karakana mpya upande wa pili wa mji imekwisha kuezekwa na inahitaji msimamizi. Atamtangaza Ijumaa ya wiki ijayo.

Watu wote wakamgeukia Msasa! Mimi nimesimama palepale, mtu mzima na ndevu zangu, hakuna jicho hata moja lililonifikia. Msasa tulimpa jina hilo kwa sababu analainisha kila kitu: mbao, wateja, Mzee. Alipokuja hapa alinikuta. Mimi ndiye ninayechovya mbao kwenye dawa ya mchwa. Kazi nyeti! Mbao inaingia nyeupe, inatoka kijani, na baada ya hapo hakuna mdudu anayethubutu kuigusa. Vidole vyangu vyenyewe ni vya kijani. Mchwa wananiheshimu. Binadamu bado.

Na kuna jambo dogo. Jana kwenye simu nilimwambia mama mkwe kwamba cheo hicho nimeshakipata. Fununu zilikuwepo, na sikukusudia. Alikuwa akimsifu mume wa binti yake mwingine, yule mwenye gari, basi ulimi ukateleza. Si uongo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Shida ni kwamba mama mkwe naye anakuja. Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka kuiona ofisi yangu.

Nimeizunguka meza mpaka mke wangu akaniambia nichague moja, nikae au nitoke.

Nikatoka. Nikarudi. Wazo! Nani atamnyima cheo mtu aliyemponya tumbo?

Jumanne, 5 Machi

Karakanani tunakula pamoja. Sufuria moja, zamu kwa zamu, Mzee akiwa katikati yetu amekalia debe la rangi lililopinduliwa. Ndiyo desturi yetu tangu karakana ilipofunguliwa. Anayeshika sufuria anashika tumbo la Mzee. Kwa nini sikuliona hili mapema?

Zamu ilikuwa ya Mama Sindano, anayeshona vitambaa vya makochi. Nikamwomba anipe. Akauliza nina njama gani. Nikasema ninamhurumia kama dada yangu. Akasema basi leo mvua itanyesha. Tukakubaliana nimbebee majora yake ya vitambaa hadi stoo. Mgongo wangu! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka nimeshindwa kuinuka.

Utaalamu ninao. Mwezi uliopita nilisikiliza kipindi cha redio kuhusu sumu kwenye vyakula, pale kwa kinyozi. Nilisikia nusu. Kinyozi alibadilisha stesheni ili asikilize mpira. Nusu inamtosha mwenye akili.

Jioni nikaanza na jiko la nyumbani, kwa mazoezi. Nikatupa viungo vya pakiti, nyanya za kopo, biskuti na jamu. Nikatupa na chupa iliyoandikwa maneno marefu nisiyoyaelewa. Kumbe ni dawa ya mke wangu ya kikohozi. Akaniuliza mbona sijajitupa mwenyewe, maana hakuna sumu kubwa kunizidi humu ndani. Watu wakubwa huanza kupingwa nyumbani kwao.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya kwanza ya sufuria. Maharage na viazi.

Nilisafisha kila kitu kwa mikono yangu. Maharage niliyaosha moja moja. Viazi nilivisugua, nikavimenya, nikaviosha tena, nikaviloweka, nikamwaga maji, nikaviloweka upya. Chakula cha mchana kilikuwa tayari wakati watu wanajiandaa kwenda nyumbani. Wengine walikuwa wamekwisha kununua mikate na kujifungia stoo. Wasaliti. Mama Sindano akasema kwa njaa aliyokuwa nayo angeweza kula kochi.

Lakini Mzee alisubiri! Alikula, akajipapasa tumbo, akasema limetulia. Akaniuliza nimeyajulia wapi haya. Nikatazama mbali kidogo, kama wafanyavyo wataalamu, nikasema ni mambo ya kusoma.

Kulikuwa na suala la moto. Jiko la gesi nimelikataa, linanuka, na kinachonuka kina sumu. Mkaa nimeukataa. Nani anajua ulichomwa wapi na nani? Kuni basi. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi, lakini hapa wajenzi tupo na miti ipo. Nyuma ya stoo kuna rundo zima la vipande vya kijani, mabaki ya kazi yangu mwenyewe. Vikavu. Bure. Hakuna anayevitaka. Vinashika moto upesi ajabu, na ndimi za moto wake zina ukijani pembeni. Sijawahi kuona moto wenye afya kama ule.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Viazi vitamu na mchicha. Mzee amekula, ameongeza, amekwangua sahani. Msasa ameshika kijiko chake kama mtu anayesubiri hukumu.

Na jambo la kushangaza: nzi wameisha. Tangu tuhamie hapa nzi walikuwa wakitusalimia mezani kabla ya wenyeji. Leo hata mmoja. Nilimwonyesha Mzee. Nikamweleza kwamba nzi hufuata uchafu, na chakula kisipokuwa na sumu nzi hana la kufuata. Mzee akatikisa kichwa kwa mshangao. Akaniita fundi. Miaka yote hii ananiita "wewe wa dawa", leo fundi!

Kichwa kinaniuma kidogo. Na Mzee kinamuuma. Nikamtuliza. Hiyo ni sumu inatoka. Ilikaa humo miaka, haiwezi kuondoka bila kugombana na mwenye nyumba. Dalili ya mvua ni mawingu. Akaridhika.

Msasa macho yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Ijumaa, 8 Machi

Msasa ameleta ndizi! Mkungu mzima, zimeiva vizuri, ameutua mbele ya Mzee akitabasamu. Akasema kwa upole kwamba ndizi ina ganda lake, haihitaji kuoshwa wala kupikwa, mtu anamenya anakula. Na mayai ya kuchemsha pia. Mzee akafurahi kama mtoto. Wakakaa wawili wanamenya, wanacheka, mimi nimesimama na mwiko.

Nilikiona kile kiti cha msimamizi kinabebwa na ndizi.

Nikaingilia kati. Nikasema ndizi zisizopikwa tumboni ni hatari. Sikumbuki kama redio ilisema hivyo, ila ingeweza kusema, kwenye ile nusu ya pili. Nikasema lazima zipite motoni, sumu iungue. Nikachoma kadhaa juu ya makaa ya mbao zangu. Nikazigeuza geuza kwenye moshi mpaka zikapata rangi. Mzee akala moja kwa heshima. Akakohoa. Akakohoa tena, akashika nguzo, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Msasa akamkimbilia na maji.

Nikawaambia wote wasiogope, hiyo ni sumu inatoka kwa mkupuo. Mama Sindano akauliza kama na yeye itamtoka kwa mkupuo, maana tangu jana kifua kimembana. Nikasema amekula biskuti kwa siri. Akanitazama vibaya. Ukweli unauma.

Jumapili, 10 Machi

Siku mbaya.

Mama mkwe amempigia simu mke wangu kumpongeza. Hongera, mwanangu, mumeo sasa ni mkubwa wa watu! Akaja kunitazama mlangoni na simu mkononi. Akaniuliza kama ni kweli.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningesema tu. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema kwamba ni siri baina yangu na Mzee mpaka Ijumaa. Mke wangu akaketi kitandani. Akalia. Si kwa hasira, kwa furaha! Akasema siku zote alijua iko siku wataniona. Akasema hajawahi kuniambia, lakini inamuuma watu wakimwita mke wa mtu wa dawa.

Sijawahi kujisikia vibaya namna ile. Nikatoka nikazunguka nyumba. Nikarudi, nikapanga viatu. Nikavipangua. Jirani akauliza kupitia dirishani kama nimepoteza ufunguo. Nikikosa cheo hiki sijui nitauweka wapi uso wangu. Hakuna njia nyingine sasa. Lazima Mzee apone kabla ya Ijumaa, na apone kwa mkono wangu.

Kesho naongeza kuni.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeongeza kuni. Moshi mzito, mtamu. Ukafunika karakana nzima. Wali mweupe na maharage, vyote vimeoshwa mpaka vimechoka.

Watu wanalalamika. Mmoja kichwa, mwingine koo, mwingine anasema kila kitu anachokitia mdomoni kina ladha ya msumari. Nimewaeleza habari ya sumu kutoka. Hawana subira! Miaka wamejaza takataka kwenye matumbo yao halafu wanataka zitoke kwa siku chache, tena kimya kimya. Mama Sindano amegoma. Amehamishia cherehani yake nje, upande upepo unakotoka, na anakula ndizi zisizopikwa mbele ya macho yangu. Zile zile za Msasa. Anamenya polepole ili nimwone.

Mzee amekula kidogo akaenda kulala kwenye gari lake. Alisema tumbo limepata nafuu kweli, ila kifua hakielewi.

Msasa akaja kunong'ona nami pembeni. Akauliza kama nina hakika na hiki ninachokifanya. Kwa upole tu, mkono begani. Nikamwambia aseme wazi kwamba cheo kinamuwasha. Akacheka, akaondoka. Mtu anayecheka akitukanwa, huyo ana jambo.

Jumanne, 12 Machi

Sikufanya kazi. Nilishinda nikimchunguza Msasa. Alipiga randa, akaunganisha kabati, akamsindikiza mteja. Kila alichofanya kilitia shaka.

Mzee hakuja. Amepumzika. Wenzangu wengi walikula nje leo. Nilibaki mimi, sufuria na moshi. Nikala kwa wote, kuonyesha mfano. Kichwa kinagonga kama nyundo ya jirani. Vizuri. Sumu yangu ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 13 Machi

Salaale! Nianzie wapi kuandika?

Nilikuwa nimewasha moto asubuhi wakati mke wangu alipopiga simu. Mama yake amefika. Si kesho, leo! Amepata usafiri mapema, ameweka mizigo, amekunywa chai, na sasa wako njiani kuja kuiona ofisi yangu.

Ofisi! Ofisi yangu ni pipa la dawa na msumari wa kutundikia koti.

Lakini Mzee alikuwa kwa daktari tena. Kiti chake kitupu, meza yake tupu. Nikamwendea Msasa. Ndiyo, Msasa. Nilimeza kiburi, na kiburi hakimezeki bila maji. Nikamwomba aniite Mkuu kwa muda mfupi tu, mbele ya mama mkwe wangu. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Akaniuliza jina la mke wangu ili asikosee heshima, akanifuta vumbi begani, akaniambia nikae vizuri. Sijui alikuwa anatega nini.

Wakaingia. Mama mkwe ni mtu mfupi, mnene kidogo, anatembea taratibu na hakosi kuona kitu. Nikainuka nyuma ya meza ya Mzee. Msasa akaja mbio akaniuliza, Mkuu, zile mbao tuziweke wapi? Nikasema waziweke mahali pake. Akasema ndiyo, Mkuu. Mke wangu akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu tulipooana. Mama Sindano akakohoa nje, sidhani kama ni kwa moshi.

Ningeishia hapo. Ningewaaga palepale! Lakini sifa ni kama pilipili, ukionja unataka tena. Nikawapeleka uani kuwaonyesha sufuria yangu isiyo na sumu. Nikaeleza yote: maharage yanavyooshwa, viazi vinavyolowekwa, jinsi nilivyokataa gesi na mkaa, nzi walivyokimbia.

Mama mkwe hakuitazama sufuria. Alikuwa anautazama moto. Akaniuliza hizi ni kuni gani, mwanangu. Nikasema za kwetu, mama, mbao za hapa hapa, hazina mdudu. Akauliza kwa nini hazina mdudu. Sasa hapo, mtu anapokuuliza kazi yako, tena kwa utulivu namna ile, utanyamaza? Nikatanua kifua. Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe ninazichovya kwenye dawa. Kwamba si kazi ya kila mtu. Kwamba lazima uvae glavu na barakoa. Kwamba tone likikuruka machoni unakimbilia bomba. Kwamba dawa ikishaingia kwenye mbao haitoki, mvua ije, jua lije. Nikaenda nikamletea na debe lenyewe aone lilivyo zito, na ile picha ya fuvu ubavuni. Nikamwambia, mama, hii ni sumu ya kweli kweli, mchwa akinusa tu kwaheri.

Maharage yakawa yanatokota peke yake.

Nikasikia nilichosema. Kilinifikia taratibu, kama harufu ya kitu kinachoungua nyumba ya pili. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi ya daktari. Kumbe daktari amemwambia tumbo linaendelea vizuri sana kwa chakula chake kipya, ila amemuuliza ni moshi gani huo anaovuta kila siku.

Mzee akautazama moto. Akalitazama debe. Akanitazama mimi.

Mama mkwe ndiye aliyefanya kazi. Akachukua ndoo akamwagia moto maji, akatusogeza wote upande wa upepo. Sufuria yangu akaenda kuimwaga shimoni, maharage yote, yale niliyoyaosha moja moja. Akamtuma Msasa akawashe jiko la gesi. Akauliza kuna nini ndani. Kulikuwa na mchele, mboga, nyanya, ndizi za Msasa zilizobaki. Akaosha mara moja. Akapika. Muda si muda watu wanakula, wamekaa kwenye upepo. Wali, mboga, ndizi. Hakuna aliyeumwa kichwa. Mzee akaongeza mara mbili bila kuniangalia.

Alipomaliza, akamuuliza mama mkwe yeye ni nani. Akajibu kwamba ni mama mkwe wa msimamizi.

Mzee akauliza, msimamizi yupi?

Nilikwenda kupanga mbao ambazo zilikuwa zimepangwa.

Ijumaa, 15 Machi

Msasa.

Bila shaka Msasa. Walimpigia makofi. Mimi pia nilipiga, mikono ina tabia ya kufuata wengine. Mzee aliniambia sitafukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kushika ile dawa. Na kwamba mwiko nisiuguse tena maisha yangu yote. Sufuria ameikabidhi kwa mama mkwe kwa muda atakaokaa mjini. Msasa akaja kusema angependa niende naye karakana mpya, anahitaji mtu mzoefu. Anataka kuniweka karibu ili anione nikiteseka. Nimemwambia nitafikiria.

Jana yote na leo mke wangu hajasema nami zaidi ya pisha na shika. Sio kununa. Ni kuvunjika. Nikimtazama anaangalia pembeni, na hilo linaniuma kuliko Msasa na cheo chake.

Jioni nilikaa kibarazani. Nikainuka. Nikakaa. Mama mkwe akatoka na viazi vyake vya kumenya, akaketi kando yangu. Nikasubiri anitukane. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia mlangoni kwake.

Akaniambia alijua tangu siku ile ya simu. Nikashtuka. Akasema mtu aliyepata cheo hukitaja mara moja akanyamaza, mimi nilikitaja, nikakieleza, nikakirudia, nikamweleza na rangi ya kiti. Kwa ile hongera aliyompa binti yake alikuwa anatafuta tu kujua kama na yeye anadanganywa.

Nikamuuliza, sasa mama, kama ulijua, ulikuja kuona nini?

Akasema binti yake alimweleza kwamba mume wake hatulii. Anazunguka meza, anapanga viatu, hali akashiba, halali akapumzika. Akaona aje aone mwanawe ana nini. Ofisi hakuwa na haja nayo.

Kumbe alikuja kwa ajili yangu. Safari yote ile, na miguu yake ile. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kusafiri kuja kunitazama mimi. Akasema hakumpa binti yake kwa msimamizi, alimpa kwa fundi wa dawa, na hajaona kosa. Kisha akanipa kisu na mimi nimenye.

Machozi yalinitoka. Nilimwambia ni mabaki ya moshi. Akasema ndiyo, moshi huo hukaa sana.

Mke wangu alikuwa dirishani anasikiliza. Wakati wa chakula aliniwekea kiazi kikubwa. Kiazi nilikiona. Viazi vya kuchemsha na mboga, chumvi kidogo. Nikala nikashiba. Nikaapa palepale, juu ya sahani ile: mipango basi. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kutulia.

Jumapili, 17 Machi

Nimetulia jana siku nzima. Inatosha.

Nimekuwa nikiwaza. Kosa halikuwa wazo, kosa lilikuwa moto. Watu wanataka kuishi bila sumu, hilo halina ubishi. Lakini mtu anakula muda mfupi tu kwa siku. Kulala je? Analala usiku kucha, pua yake kwenye vanishi, kwenye gundi, kwenye rangi! Nani amelifikiria hilo? Hakuna. Wamelala.

Kitanda kisicho na sumu! Bila vanishi, bila gundi, bila rangi. Mbao tupu, kavu, kama zilivyo. Mzee atanisujudia. Msasa atakuja kuniomba kazi. Nimeshampigia shangazi wa mke wangu kumwambia kwamba nimefungua kampuni. Amefurahi sana. Anakuja mwezi ujao kuiona.

Mbao hazitanipa shida. Mzee ameniamuru niondoe lile rundo la nyuma ya stoo, hata zile ndefu, hataki kuliona tena. Nitaliondoa! Nimekwisha kuleta nyumbani mzigo wa kwanza, nimezipiga randa kidogo zisionekane za kijani. Zimependeza.

Kitanda cha kwanza ni cha mama mkwe. Zawadi, kutoka moyoni, si kwa mpango wowote. Amenifanyia wema ambao siwezi kuulipa, na analala chini kwenye mkeka kwa sababu yangu. Leo usiku atalala juu ya mikono yangu mwenyewe, usingizi mnono, na hakuna mdudu atakayethubutu kumgusa.